Jina Langu Kwenye Wimbo wa Stella

Osmundi alinikuta uani kwangu, Mwembesongo, nikichagua iliki. Alichuchumaa mbele yangu kabla hajaniamkia, na kijana wa mjini hachuchumai mbele ya mtu bure, kwa hiyo nilijua mama yake ameshatutoka. "Shikamoo mama mkubwa," alisema. "Marahaba mwanangu. Lini?" "Leo asubuhi." Niliweka ungo chini nikalia, na kilio chenyewe kilikuwa cha kweli, asije mtu akasoma haya ninayoyaandika akadhani niliigiza. Mama yake, Stella, alikuwa rafiki yangu kwa zaidi ya miaka thelathini. Nilimpenda. Na kwa muda huohuo wote nilimwonea wivu, na mambo hayo mawili yalikaa ndani yangu kama wapangaji wa nyumba moja wanaosalimiana asubuhi lakini hawaazimani chumvi.

Tulipomaliza kulia, Osmundi hakuondoka. Alizungusha simu yake mkononi akasema, "Kuna jambo moja, mama mkubwa. Ile albamu tutaipiga siku ya mazishi. Nimeisafisha kwenye kompyuta. Siku hizi inawezekana, unazitenganisha sauti, unatoa usiyoitaka. Nimeitoa ile kelele ya yule bibi." Nikamwuliza, "Kelele gani?" kana kwamba siijui. Akatazama chini. "Ile inayokutaja wewe."

Aliyewahi kuisikiliza albamu ya kwaya yetu anaijua kelele hiyo. Albamu ilirekodiwa laivu, kanisani, mbele ya watu, na katika wimbo unaopendwa kuliko zote, "Maji Yalipofika Mlangoni", karibu na mwisho, mwanamke mmoja anapiga ukelele: "Felista mwanangu! Imba, mama, imba!" Kwaya inaitikia, kisha anayeimba anapanda juu kwa noti ambayo watu wa Morogoro, Wakristo kwa Waislamu, wameililia kwenye mabasi, kwenye vibanda vya kunyolea na kwenye harusi za watoto wao. Felista ni mimi. Anayeimba si mimi. Anayeimba ni Stella. Nilimjibu Osmundi kwamba wimbo ni wa mama yake, wafanye wanavyoona. Maisha yangu yote nimewaambia watu kuwa sauti ile si yangu, na siku hiyo mtoto alikuwa amenichukulia neno langu kama lilivyo. Badala ya kushukuru nilijiona kama mtu aliyerudi nyumbani kwake akakuta wageni wamehamisha kiti chake.

Mwaka wa albamu, mimi na Stella tulikuwa tumepanga chumba kimoja katika nyumba ya Bi Zuhura, huku huku Mwembesongo, mitaa miwili tu kutoka hapa nilipo sasa. Mimi nilikuwa nimeshuka kutoka Kinole kuuza ndizi na viungo sokoni. Stella alikuwa ametoka Songea kufuata kazi ya kiwanda cha nguo. Chumba kilikuwa na kitanda kimoja cha futi nne, jiko la mchina, redio kaseti ya Stella iliyofunikwa kitambaa cha kufuma, na magunia yangu ya iliki na pilipili manga chini ya uvungu. "Nikipita kanisani watu wanadhani nimelala ndani ya birika la chai," Stella alikuwa akilalamika. Mimi Mluguru, yeye Mngoni, na makabila yetu ni watani tangu enzi za mababu, kwa hiyo hapakuwa na neno lililozuiwa mdomoni. Nilimjibu kwamba babu zake walikuja na mikuki yao, wakaitazama milima yetu, wakachoka kabla ya kuipanda, ndiyo maana hata harufu ya Kinole inamtisha. Yeye alisema Waluguru hawaongei, wanaitana tu kutoka kilima hadi kilima. Tulicheka mpaka Bi Zuhura akagonga ukuta.

Bi Zuhura alikuwa mjane, mtu mzima mwenye mwili wake, akiuza vitumbua na chai barazani kila asubuhi. Hakuwa na mtoto wa kike, na sijui aliona nini kwangu, lakini alinichukua. Kitumbua cha kwanza kilikuwa changu. Nilipoumwa malaria alinipikia uji wa mchele wenye pilipili manga yangu mwenyewe. Stella alimwita "mama mwenye nyumba", mimi nilimwita mama. Nakiri kwamba nilipenda iwe hivyo. Stella alikuwa mzuri wa sura, mwepesi wa maneno, akipita sokoni wachuuzi wanamwita, kwa hiyo niliona ni haki kabisa kwamba kiti kimoja duniani, kile kigoda kilichokuwa kando ya kikaango cha Bi Zuhura, kiwe changu peke yangu.

Kitu kingine kilichokuwa changu ni ule wimbo. Mwalimu wa kwaya yetu, Mzee Nikodemu, aliutunga baada ya mto kufurika na kuingia nyumba za watu kule bondeni, na alipoumaliza aliniita mimi, akanifundisha mstari kwa mstari kwenye benchi la mbele, akigonga mapigo kwa kifuniko cha kalamu. Mwimbaji mmoja anauliza, maji yalipofika mlangoni ni nani aliyeyaambia basi? Kwaya inajibu. Anauliza tena, juu zaidi. Kwa miezi mingi niliongoza mimi. Niliuimba kanisani, nikauimba uani nikitwanga, nikauimba nikisuuza vyombo, na Bi Zuhura, ambaye hakuwa amekanyaga kanisa maishani mwake, aliukariri wote. "Felista," alikuwa akisema huku akigeuza vitumbua, "ukiimba huo, hata unga unaumuka upesi." Stella alikuwa sauti ya kwanza pamoja na wasichana wengine, akiitikia. Nyumbani hakuwahi kuuimba. Alisema hawezi kuimba wimbo wa mtu mbele ya mwenyewe, na mimi nilimwona ana adabu.

Kisha kwaya ikaamua kurekodi, na Mzee Nikodemu akasema hatuendi studio. Kaseti za studio, alisema, ni safi lakini hazina watu ndani yake. Fundi mitambo aliitwa kutoka Dar, kijana mwembamba mwenye kofia, akaja kwanza kupima sauti. Alisimamisha kipaza sauti kimoja mbele ya madhabahu, akakaa na mashine yake yenye kidirisha na sindano ndani, akaniambia niimbe. Niliimba. Sindano ikaruka hadi ukingoni, ikang'ang'ania hapo. "Dada, rudi nyuma kidogo." Nikarudi. "Bado. Rudi tena." Nikarudi tena, na tena, mpaka nikawa naimba nimesimama mlangoni, kuku wa jirani wakipita nyuma yangu, na sindano bado inaruka. Watu wakaanza kucheka. Niliambiwa nipunguze. Nilijaribu kupunguza, sauti ikatoka kama ya mtu anayeomba ruhusa. Kwetu Kinole mtoto hufundishwa kuitika ng'ambo ya bonde, mama akiwa shambani kwenye mteremko mwingine, na sauti ya namna hiyo haina mahali pa kupunguzia. Fundi akasema ajaribiwe mwingine. Mzee Nikodemu alitazama wasichana wa sauti ya kwanza, kidole chake kikamwendea Stella.

Stella aliimba akiwa amesimama palepale nilipoanzia mimi. Sindano ilinyanyuka taratibu, ikacheza katikati, ikashuka, kama mtoto aliyeshiba. Na alikuwa anaujua wote. Kila pumzi niliyoiweka mimi, aliiweka palepale. Nilisimama mlangoni nikielewa kwamba mwenzangu alikuwa amekaa na wimbo wangu kifuani miezi yote ile, akiuimba kwa midomo iliyofungwa. Mzee Nikodemu alinifuata, akanishika bega. "Felista, sauti yako ni ya nje. Mashine inataka sauti ya ndani." "Basi turekodi nje," nilimwambia. Kwaya nzima ikaangua kicheko, wakidhani nafanya mzaha. Nikapangiwa sauti ya pili, mstari wa nyuma, karibu na ukuta, ili nisizidi.

Jioni ile Stella alipika ugali na dagaa, akawatia nyanya nyingi kwa sababu alijua napenda. Tukala. Kisha akasema, "Felista, ukisema nikatae, nitakataa." Nilimtazama. Nilitaka akatae bila mimi kusema. Nilitaka awe amekwisha kukataa palepale kanisani, mbele ya watu, arudi nyumbani na habari hiyo kama zawadi. Lakini mimi nina kiburi cha watu wa milimani, nikamwambia, "Imba tu. Kazi ya Mungu haina mwenyewe." Alishusha pumzi, akanichagulia dagaa wakubwa akawaweka upande wangu wa sinia, na furaha yake ilivyojionyesha usoni ilinichoma kuliko kama angenicheka. Ndipo tukasikia, kupitia ukuta, Bi Zuhura akizungumza na jirani yake barazani. "Siku hiyo nitakwenda hukohuko kanisani, wanitazame wanavyotaka. Binti yangu ndiye atakayeimba. Nimeshamnunulia kanga ya kumtunza." Stella aliacha kutafuna. "Mwambie," alininong'oneza. Nikasema nitamwambia kesho. Kesho ikaja, nikakalia kigoda changu, nikapokea kitumbua changu, mdomo ukawa mzito. Kwenda kumwambia mtu pekee aliyekuona mkubwa kwamba umeonekana huenei, hilo lilinishinda, na halikunishinda siku hiyo tu.

Siku ya kurekodi kanisa lilifurika. Waliokosa nafasi walisimama madirishani, na majirani Waislamu walikuja pia, maana habari ya mitambo kutoka Dar haina dini. Kabla ya kuanza Mzee Nikodemu alisimama akatoa amri: hakuna vigelegele mpaka wimbo uishe, hakuna kutembea, na zaidi ya yote hakuna kutunza. Kwetu mwimbaji akikugusa unainuka, unakwenda mbele ukicheza, unamfuta jasho kwa leso, unamvika kanga, unamtaja jina ili watu wote wajue unamtunza nani. Siku hiyo yote hayo yalipigwa marufuku, kwa kuwa mashine inasikia hata nyayo. Watu wakakubali. Bi Zuhura hakuwepo kusikia amri hiyo. Alikuwa amesubiri kwanza aswali alasiri.

Tulipofika "Maji Yalipofika Mlangoni" mimi nilikuwa nyuma ya wenzangu warefu, nikiitikia sauti ya pili, machozi yakinitoka, na walioniona walidhani ni Roho. Stella aliimba vizuri. Nitasema nini tena? Nilikuwa nikimwomba Mungu amfanye akosee, mahali padogo tu, neno moja, na hakukosea. Alipofika ubeti wa mwisho nikasikia kandambili zikikokota sakafu mlangoni. Bi Zuhura alikuwa amefika. Ukumbi umejaa, wanaume wamesimama mbele yake, spika zinaibadilisha kila sauti, yeye haoni kitu, anasikia tu wimbo ambao mwaka mzima umetoka kwenye kinywa kimoja. Akapiga ukelele uliotikisa mabati. "Felista mwanangu! Imba, mama, imba!" Akaja katikati ya mabenchi, mikono juu, kanga mpya imefunguliwa kati ya mikono, watu wakimpisha, fundi akimpungia kwa hofu asisogee. Akafika mbele. Akamwona Stella.

Sijawahi kusahau uso wake. Alitazama kwaya, mstari kwa mstari, mpaka akanipata kule ukutani. Tukatazamana. Lakini tuzo ikishainuliwa mbele ya watu hairudishwi begani kwa mwenyewe, ni aibu na ni mkosi. Kwa hiyo Bi Zuhura aliiteremsha mikono polepole, akamvika Stella kanga yangu, akamfuta jasho kwa pindo lake, akarudi nyuma akicheza kama inavyopasa. Kwaya ilikuwa ingali ikiitikia; Stella akapanda ile noti. Kanisa zima likasimama, amri ya mwalimu ikasahaulika. Jina nilipewa mimi, kanga akapewa yeye, na noti akajipa mwenyewe.

Walirudia wimbo. Fundi alitaka nakala isiyo na kelele, na Stella aliimba tena, sawasawa, kila kitu mahali pake, lakini ulikuwa uji uliopoa. Hata fundi alitikisa kichwa. Ikapitishwa ile ya kwanza, na kelele yake ndani. Nyumbani Bi Zuhura alinikalisha kigodani. "Umeniadhirisha, Felista. Ningekuja kukutunza hata ungekuwa unafagia hilo kanisa. Mbona hukuniambia?" Stella alitoka chumbani na kanga ile imekunjwa, akataka kunipa. Nikamwambia kanga ya kuvikwa haivikwi mara ya pili. Ukweli ni kwamba nilikuwa naitaka mno, nikaogopa kuigusa mbele yake.

Kaseti ilitoka kabla ya Krismasi. Kwenye jalada paliandikwa jina la kwaya tu, maana kwaya haina nyota, sote ni watumishi. Basi jina pekee la mtu lililokuwemo katika albamu nzima likawa langu. Nilipopanda Kinole kufuata mzigo, akina mama wa njiani waliweka vikapu chini wakanishika mikono. "Ndiye wewe Felista wa maji mlangoni?" "Siye mimi anayeimba," nilisema. "Ni mwenzangu, anaitwa Stella." Wakatazamana wakasema, "Umeona unyenyekevu?" Kadiri nilivyokana ndivyo sifa zilivyozidi. Sokoni walinunua kwangu kwanza. Na kila sifa niliyopewa ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa amelala kitanda kimoja na mimi, upande wa ukutani, na alikuwa akiisikia.

Ndipo akaja Alois. Alikuwa mwalimu kijana akiishi Mzumbe, amenyoosha shati mpaka mikunjo inakata. Alikuwa ameisikiliza kaseti ile hata akaona hawezi kukaa bila kumjua mwenye sauti, akaulizia Felista, akaelekezwa. Alikaa kwenye mkeka barazani kwa Bi Zuhura akanitazama. Mwanamume hajawahi kunitazama vile, kabla wala baada, na niliolewa na mtu mwema. Nilimwambia palepale kwamba si mimi. Akatabasamu. Akarudi Jumapili iliyofuata, nikamwambia tena, akasema mwanamke asiyejisifu ni wa kuoa. Stella siku hizo alikuwa na zamu kiwandani. Nilisema kweli kila mara, Mungu ni shahidi, na kila mara niliposema niliomba asiamini. Halafu Jumapili moja Stella alikuwa nyumbani, yuko nyuma ya nyumba anasugua masufuria, akaanza kuimba chinichini. Si wimbo ule, wimbo mwingine tu, wa kwao. Alois alikuwa akinisimulia kuhusu wanafunzi wake. Akanyamaza katikati ya sentensi. Shingo yake ikageuka kuelekea uani, na alipokwisha kugeuka sikuwa na haja ya kusema lolote tena.

Walioana mwaka uliofuata, wakahamia Mzumbe, wakamzaa Osmundi na dada zake. Urafiki wetu haukufa. Alikuja kwangu, nilikwenda kwake, tulitaniana kama kawaida. Mara moja tu, tukimenya magimbi jikoni kwake, redio ikaupiga wimbo wetu, kelele ikapita, na Stella akasema bila kuinua macho, "Niliimba mimi, ukabatizwa wewe." Nilicheka. Nilidhani ni utani, maana mwenye kila kitu atakuwa na la kulalamikia? Alikuwa na sauti, mume, na kanga yangu kabatini. Mimi nilikuwa na ukelele wa mwanamke mmoja kwenye kaseti.

Na ukelele huo nimeurudia mara zisizohesabika. Nimeipitisha albamu ile kutoka kaseti hadi sidii, kutoka sidii hadi flashi, na sasa iko kwenye simu ya mjukuu. Mimi huipiga nikichagua iliki. Naijua kila sauti iliyomo: mtoto anayelia wimbo wa pili, mtu anayekohoa, jenereta inavyokwama kidogo kisha kuendelea. Zikianza zile kandambili za Bi Zuhura mimi huacha kazi. Amekufa siku nyingi, na hapo tu ndipo anaponiita mwanangu. Halafu noti ya Stella inapanda, nami hurudi kwenye iliki zangu nikiwa nimeuma meno, maana hata hapo hanipi nafasi ya kukaa na jina langu kidogo.

Tulimzika Stella huko Mzumbe. Kama mtani nilikuwa na kazi yangu msibani, na niliifanya. Nilikaa karibu na jeneza nimefunga kanga kiunoni, nikalisemesha. "Mngoni wewe, umeniibia wimbo, umeniibia mwalimu, sasa unakimbia kabla hatujasuluhishwa? Amka unilipe!" Waombolezaji walicheka huku wakilia, kama inavyotakiwa. Alois, mzee sasa, alicheka mpaka akafuta miwani. Hakuna aliyejua, au labda wote walijua, kwamba sikuwa nimebadilisha hata neno moja la yale ninayoyawaza kila siku.

Kisha Osmundi akaweka wimbo kwenye spika, ule aliousafisha. Nilikaza mikono mapajani. Ubeti wa mwisho ukafika. Niliisubiri ile nafasi tupu kama mtu anayesubiri sindano ya hospitali. Na ilipofika, uwanja mzima, wanakwaya wenzetu wazee, vijana waliozaliwa baadaye, wapishi kwenye masufuria, wote pamoja, bila kupanga, kwa sababu ndivyo wimbo unavyokwenda na hawajui mwingine, wakapiga: "Felista mwanangu! Imba, mama, imba!" Juu ya jeneza la Stella. Vichwa vikanigeukia. Nilifurahi. Nilificha uso kwa kanga, na waliokuwa karibu wakanipapasa mgongo wakidhani nimezidiwa na uchungu.

Baada ya mazishi Osmundi alinifuata nyuma ya jiko, nilipokuwa nimekaa na sahani ya pilau nisiyoila. Hakuwa na hasira. "Mama mkubwa, hamkusikia," alisema. "Wamefunika. Nilitaka watu wasikie kilichokuwa chini yake." Akanipa visikilizio, nikaviweka masikioni, akaurudisha wimbo nyuma kidogo.

Ubeti wa mwisho. Stella anaimba, laini, mahali pake, sauti ya ndani. Halafu pale ambapo miaka yote palikuwa na jina langu, sasa palikuwa na sauti yake peke yake, nayo ilikatika. Ilikatika katikati ya neno, kama mtu aliyepigwa kifuani. Nikasikia anameza mate. Kwaya inaendelea, yeye kimya. Nikasikia pumzi anayoivuta, ndefu, ya mtu mwenye hasira, pumzi ambayo hakuwa nayo mazoezini wala katika ule wimbo wa kurudia. Na kutoka kwenye pumzi hiyo ikatoka noti ile, ambayo watu wameiita ya Roho. Nisingeweza kukosea. Nimeishi na kitu kile tangu ujana wangu, naijua harufu yake gizani. Ulikuwa wivu. Alikuwa amesikia mwanamke mzima akitembea kanisa zima kulibeba jina langu, na yeye, mwenye kila kitu, hakuwa na mtu wa kuja kumwita.

Osmundi aliniuliza nimesikia nini. Nilimwambia arudie. Akarudia, nikasikiliza mpaka mwisho, nikavua visikilizio nikamrudishia. "Nimesikia mama yako akinishinda tena," nilimwambia. Tulikuwa na ugonjwa mmoja, mimi na Stella, chumba kimoja, mwaka mmoja. Mimi nimeumwa nao maisha yangu yote. Yeye aliuimba mara moja, ukawa mzuri.